Makindu: Nyumba ya Ibada ya Masingasinga Iliyozaliwa na Reli

Dodoma ni mji uliokua na reli. Reli ya Kati, ambayo ujenzi wake ulianzia Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Dodoma mwaka 1910 na kukamilika Kigoma mwaka 1914. Zaidi ya karne moja baadaye, Julai 2024, treni za umeme za reli ya kisasa zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na makao makuu ya nchi. Kwa mkazi wa nyanda za kati, habari za reli ni habari za nyumbani: anajua jinsi kituo kinavyozaa soko, soko likazaa mtaa, na mtaa ukawa mji.

Reli ya zamani ya nchi jirani ya Kenya iliacha pia kitu ambacho hakikuwamo katika ramani ya mhandisi yeyote. Katika mji mdogo wa Makindu, Kaunti ya Makueni, umbali wa takriban kilomita 160 kutoka Nairobi kwa barabara kuu iendayo Mombasa, ipo nyumba ya ibada ya waumini wa dini ya Usikh, ambao katika Kiswahili wamezoeleka kuitwa Masingasinga au Makalasinga. Nyumba hiyo hujulikana kama Gurdwara ya Makindu. Ilijengwa mwaka 1926 na Masingasinga waliokuwa watumishi wa reli, na hadi leo hutembelewa na waumini kutoka Kenya, Tanzania, Uganda na nchi za mbali, pamoja na wasafiri wa kila dini wanaosimama kula na kupumzika bila kulipishwa.

Makala haya yanaeleza chimbuko la mahali hapo, sababu zilizopafanya kuwa pa kuzuru, na taratibu ambazo mwananchi anayepanga kufika huko anapaswa kuzifahamu.

Reli na watu walioijenga

Mwaka 1896, Serikali ya Uingereza ilianza kujenga reli kutoka Mombasa kuelekea Ziwa Victoria. Njia hiyo iliitwa Reli ya Uganda, ingawa sehemu yake ya kwanza ilipita katika ardhi ambayo sasa ni ya Kenya. Mataruma yalifika Nairobi mwezi Mei 1899, na mwezi Desemba 1901 reli ikafika ziwani, mahali palipoitwa Port Florence wakati huo na panapoitwa Kisumu leo. Urefu wa njia nzima ulikuwa takriban kilomita 930.

Kazi hiyo ilihitaji mafundi na vibarua wengi kwa wakati mmoja. Uingereza, iliyokuwa ikitawala India, iliwachukua wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka huko kwa mikataba ya miaka mitatu. Wengi walitoka katika jimbo la Punjab, wakapanda meli katika bandari ya Karachi na kushukia Mombasa. Miongoni mwao walikuwamo Waislamu, Wahindu na Masingasinga. Wapo waliokuwa vibarua wa kuchimba na kubeba kifusi, na wapo waliokuwa maseremala, wahunzi, waashi na mafundi wa mitambo. Pamoja nao walifanya kazi Waafrika wengi, wakiwamo wapagazi waliobeba maji, chakula na vifaa katika maeneo makavu ambayo treni ilikuwa bado haijayafikia.

Wafanyakazi wapatao 2,500 kutoka India walipoteza maisha. Malaria, magonjwa ya kuhara na ajali za kazini ndizo zilizoua wengi. Kisa kilichopata umaarufu zaidi, hata hivyo, ni cha simba wawili wa Tsavo, ambao mwaka 1898 walikuwa wakiingia kambini usiku na kuwakamata wafanyakazi waliolala katika mahema, hadi kazi ya kujenga daraja la mto Tsavo ikasimama kwa muda. Mhandisi aliyesimamia daraja hilo, John Henry Patterson, aliwaua simba hao mwezi Desemba mwaka huo na baadaye akaandika kitabu kuhusu kisa hicho. Mmoja wa watu wa kwanza anaowataja kwa jina miongoni mwa waliouawa ni msimamizi wa wafanyakazi aliyeitwa Ungan Singh. Alikuwa Singasinga.

Mikataba ilipokwisha, wengi walirejea India. Wapatao 6,700 walibaki Afrika Mashariki. Baadhi yao waliajiriwa na reli hiyohiyo kama madereva wa treni, mafundi wa karakana na watunza njia, na wengine wakaingia katika biashara na ufundi mijini.

Kutoka kivuli cha mti hadi jengo la mwaka 1926

Makindu ipo katika ukanda mkavu kati ya Tsavo na nyanda za juu za Nairobi, katika ardhi ya Wakamba. Jina lenyewe humkumbusha msemaji wa Kiswahili mkindu, mti ambao majani yake hutoa ukili wa kusukia mikeka. Treni za wakati huo ziliendeshwa kwa mvuke, na treni ya mvuke haiwezi kwenda mbali bila kuongezwa maji na kuni, wala bila fundi wa kuikagua. Kwa sababu hiyo vilihitajika vituo vya huduma katika njia nzima, na Makindu ikawa mojawapo.

Kituo cha namna hiyo kilikuwa na watumishi walioishi mbali na jamaa zao, katika nyumba chache za reli, wakizungukwa na pori. Kwa mujibu wa historia inayotunzwa na gurdwara yenyewe, Masingasinga wa Makindu walikuwa wakikutana jioni, baada ya kazi, chini ya mti, kumwimbia Mungu sifa. Hawakuwa peke yao. Wenzao Wahindu na Waislamu waliofanya kazi pamoja nao walikuja kuketi nao. Mahali palipokuwa na mti huo ndipo gurdwara inaposimama leo.

Mwaka 1926 jengo la kudumu lilikamilika. Waliolijenga walikuwa watu wa mishahara ya reli, si matajiri. Hali ya mji ilibadilika baadaye. Kadiri huduma za reli zilivyohamishiwa kwingine na injini za mvuke zilivyoacha kutumika, watumishi wa reli walipungua, na familia za Masingasinga zilizokuwa Makindu zikaondoka. Nyumba nyingi za ibada zilizojengwa kwa ajili ya jumuiya ndogo za wahamiaji hufungwa hali inapofikia hapo. Ya Makindu haikufungwa. Masingasinga waliohamia Nairobi, Mombasa na miji mingine waliendelea kuirudia, na safari hizo za kurudi ndizo zilizoigeuza polepole kutoka nyumba ya ibada ya kituo cha reli kuwa mahali pa ziara kwa eneo zima la Afrika Mashariki.

Usikh kwa ufupi

Ili kuelewa uzito wa Makindu, ni vyema kuifahamu kidogo dini yenyewe. Usikh ulianza Punjab kwa mafundisho ya Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469 katika mji ambao sasa unaitwa Nankana Sahib, nchini Pakistan, na kufariki mwaka 1539. Neno guru maana yake ni mwalimu. Guru Nanak alifundisha kwamba Mungu ni mmoja, hana umbo, na kwamba binadamu wote ni sawa mbele zake, bila kujali tabaka, jinsia wala dini waliyozaliwa nayo. Walimfuata waalimu wengine tisa. Wa kumi, Guru Gobind Singh, aliunda mwaka 1699 jumuiya ya waumini waliowekwa wakfu, iitwayo Khalsa. Kutokana na jumuiya hiyo yametokana mambo ambayo watu wengi huyatambua kwa Masingasinga: nywele zisizokatwa, kilemba, bangili ya chuma, na jina Singh, lenye maana ya simba, kwa wanaume. Wanawake hutumia jina Kaur.

Kabla ya kufariki mwaka 1708, Guru Gobind Singh alielekeza kwamba baada yake hapatakuwa na mwalimu mwingine wa kibinadamu. Nafasi hiyo ilichukuliwa na kitabu kitakatifu, Guru Granth Sahib, chenye kurasa 1,430. Kitabu hicho kimekusanya tungo za waalimu wa Usikh, na pia tungo za wacha Mungu wa asili ya Kihindu na Kiislamu, akiwamo Sheikh Farid. Gurdwara, neno linalomaanisha mlango wa Guru, ni nyumba yoyote ambamo kitabu hicho kimewekwa kwa heshima na kusomwa. Hakuna sanamu ndani yake. Kitabu hufunguliwa alfajiri, hufunikwa kwa vitambaa safi, na usiku hulazwa katika chumba chake. Usikh hauna daraja la makuhani. Anayeongoza usomaji anaweza kuwa mwanamume au mwanamke aliyejifunza kukisoma vyema.

Mafundisho ya Usikh kuhusu maisha ya kila siku hufupishwa katika mambo matatu: kumkumbuka Mungu, kula jasho la kazi halali, na kugawana na wengine kile mtu alichopata. Muumini huhimizwa kutoa sehemu ya kumi ya kipato chake kwa manufaa ya wengine, na kutoa pia nguvu zake kwa kujitolea. Mambo hayo mawili ya mwisho, kazi na kugawana, ndiyo yanayoonekana waziwazi zaidi Makindu.

Ziara isiyo ya lazima

Jambo linaloweza kumshangaza msomaji ni kwamba Usikh hauna hija ya faradhi. Guru Nanak aliwaonya wafuasi wake dhidi ya kudhani kwamba safari ya kwenda mahali patakatifu, au kuoga katika maji yake, kunaweza kuusafisha moyo wa mtu asiyebadili mwenendo. Hakuna Singasinga anayehesabiwa kuwa na upungufu wa imani kwa sababu hakuwahi kusafiri kwenda mahali fulani.

Hata hivyo waumini husafiri. Huenda Amritsar, India, kwenye Harmandir Sahib, nyumba yenye milango minne inayofahamika duniani kwa paa lake la dhahabu. Huenda Nankana Sahib alikozaliwa Guru Nanak, na Kartarpur alikofia. Mwezi Novemba 2019, India na Pakistan, nchi zenye uhusiano mgumu, zilifungua njia maalumu ya mpakani iliyowaruhusu waumini kutoka India kufika Kartarpur bila viza. Mahali pote hapo hupata heshima kwa sababu mmoja wa waalimu kumi alizaliwa, aliishi au alifariki hapo.

Makindu haina sifa hiyo. Hakuna hata mmoja wa waalimu kumi anayehesabiwa kuwa alifika Afrika Mashariki. Heshima ya mahali hapo imetokana na vibarua, mafundi na madereva wa treni waliokaa katika pori la ugenini na kuendelea kusali. Waumini wanaokwenda huko husimulia habari za maombi yaliyojibiwa, wagonjwa waliopata nafuu na familia zilizopatana. Huenda kuomba kabla ya mtihani, kabla ya ndoa au kabla ya safari ndefu, na hurudi kushukuru. Familia nyingine huomba kitabu kitakatifu kisomwe chote, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho bila kukatiza, ibada ambayo huchukua takriban saa 48 kwa wasomaji wanaopokezana usiku na mchana.

Ipo sababu nyingine, ambayo haisemwi sana. Masingasinga na Wahindu huchoma miili ya marehemu wao. Kwa hiyo wengi wa waliokufa wakijenga reli hawana makaburi ambayo wajukuu wao wangeweza kuyazuru, na majina yao mengi hayakuandikwa mahali popote. Kwa mjukuu au kitukuu anayetafuta alama ya babu aliyekuja na mkataba wa miaka mitatu, nyumba ya Makindu ni miongoni mwa mahali pachache katika njia nzima panapoweza kumwambia: hapa watu wako walikaa.

Jiko lisilouliza dini

Katika kila gurdwara duniani lipo jiko la jumuiya liitwalo langar. Desturi hiyo ilianzishwa na waalimu wa kwanza wa Usikh, katika jamii ambayo watu wa matabaka mbalimbali hawakuruhusiwa kula pamoja. Kuwaketisha wote sakafuni, katika mstari mmoja, wakila chakula kilekile kilichopikwa katika chungu kimoja, lilikuwa tendo zito. Tajiri aliketi kando ya mfagizi. Aliyekataa kuketi hivyo alikuwa amekataa fundisho lenyewe.

Makindu, desturi hiyo imekutana na barabara kuu. Barabara ya Mombasa hadi Nairobi ndiyo njia kuu ya mizigo inayotoka Bandari ya Mombasa kwenda Uganda, Rwanda na Mashariki ya Kongo. Hupitiwa na malori, mabasi na magari madogo saa zote. Msafiri anayeingia gurdwara hupewa chakula na chai, na anayehitaji kulala hupewa nafasi ya kupumzika, bila kuulizwa dini yake, kabila lake wala uwezo wake. Halipishwi. Anayetaka kuchangia hutia alichonacho katika sanduku la sadaka, na asiye na kitu huondoka kwa heshima ileile.

Chakula hicho hakina nyama. Kwa kawaida huwa ni chapati, dengu, wali, mboga na chai ya maziwa. Utaratibu huo una maana kubwa kuliko unavyoonekana. Mwislamu hana haja ya kuuliza mnyama alichinjwa na nani, Mhindu hana hofu ya kuwekewa nyama ya ng'ombe, na Mkristo aliye katika mfungo wa Kwaresima hula bila wasiwasi. Mezani mwa namna hiyo kila mtu anaweza kuketi, na hilo ndilo lililokusudiwa tangu mwanzo.

Gharama za jiko hutokana na michango ya waumini walioko Afrika Mashariki na ng'ambo, na kazi hufanywa na wahudumu wakisaidiwa na watu wanaojitolea. Si jambo geni kumkuta mgeni mwenye wadhifa mkubwa akiosha vyombo au akisukuma chapati, kwa kuwa katika Usikh kazi ya kuwahudumia wengine kwa mikono huhesabiwa kuwa sehemu ya ibada.

Masingasinga katika historia ya Tanzania

Uhusiano wa Tanzania na historia hii ulianza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kati ya mwaka 1915 na 1916, Waingereza walijenga tawi la reli kutoka Voi, kusini-mashariki mwa Makindu, kupitia Taveta hadi Kahe karibu na Moshi, na kuiunganisha Reli ya Uganda na reli ya Tanga. Baada ya vita, Tanganyika ilipowekwa chini ya usimamizi wa Uingereza, mafundi wa Kiasia waliingia kwa wingi katika utumishi wa reli na katika kazi za ujenzi.

Masingasinga walijulikana hasa kwa ufundi. Wazee wa miji mingi ya Tanzania, ikiwamo ya nyanda za kati, wanakumbuka karakana za magari, viwanda vya mbao na kazi za useremala na uashi zilizoendeshwa nao. Vijana wa Kiafrika walijifunza ufundi katika karakana hizo, na utaalamu huo ukasambaa. Gurdwara zilijengwa Dar es Salaam, Arusha, Moshi, Mwanza na kwingineko. Kiswahili chenyewe kiliwapokea: neno kalasinga huhusishwa na jina la Kala Singh, mfanyabiashara wa mwanzo mjini Nairobi, ambalo watu walilitumia kwa jamii nzima. Kwa kuwa wapo wanaolitumia neno hilo kwa kejeli, ni vyema mzungumzaji aangalie anavyolitamka na mahali anapolitumia.

Katika miaka ya 1960 na 1970, Waasia wengi wa Afrika Mashariki, Masingasinga wakiwamo, walihamia Uingereza, Canada na nchi nyingine. Wengine walibaki na ni raia wa nchi hizi. Nchini Kenya, mwezi Julai 2017, Serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa jamii ya 44 ya nchi hiyo. Kwa walioondoka, Makindu imekuwa mahali pa kuwaonyesha watoto waliozaliwa Birmingham au Toronto kwamba familia yao ina asili pia katika Afrika. Ndiyo maana idadi ya Masingasinga wanaoishi jirani na gurdwara ni ndogo sana, lakini vyumba vyake hupata wageni.

Taratibu kwa anayetaka kuzuru

Mwananchi wa Tanzania anayetaka kufika Makindu anahitaji hati halali ya kusafiria, na anashauriwa kuhakiki mapema masharti ya Uhamiaji na ya afya ya nchi zote mbili. Kutoka Dodoma, njia ya moja kwa moja ni barabara ya lami kupitia Kondoa na Babati hadi Arusha. Kutoka hapo msafiri anaweza kuvuka mpaka wa Namanga na kuzunguka kupitia Athi River, au kuelekea Moshi na kuvuka Holili hadi Taveta na Voi, kisha kupanda barabara kuu kuelekea Nairobi. Wasafiri wa Rombo wanaovukia Tarakea wana njia fupi zaidi, inayopitia Oloitokitok na kutokea Emali, mji ulio jirani na Makindu.

Ndani ya gurdwara, mgeni wa dini yoyote anakaribishwa mradi azingatie mambo yafuatayo:

Kwanza, viatu huvuliwa kabla ya kuingia, na mikono hunawiwa. Pili, kichwa hufunikwa, kwa wanaume na wanawake. Kwa kawaida vitambaa huwekwa mlangoni kwa ajili ya wasio navyo. Tatu, mgeni hapaswi kuingia na sigara, tumbaku, pombe au kilevi chochote, wala kuingia akiwa amelewa. Nne, ndani ya ukumbi wa ibada watu huketi sakafuni, na si adabu kuelekeza nyayo upande kilipo kitabu kitakatifu wala kukipa mgongo. Tano, mgeni huomba ruhusa kabla ya kupiga picha. Sita, chakula huchukuliwa kwa kiasi ambacho mtu atakimaliza, kwa kuwa kutupa chakula cha langar huonwa kuwa ni kukosa heshima.

Ukumbini, mgeni anaweza kupewa kiganjani kipande cha tamutamu kilichopikwa kwa unga wa ngano, samli na sukari. Hupokelewa kwa mikono miwili. Asiye muumini hafanyi kosa akikipokea, na kukipokea hakumfanyi kuwa muumini.

Umuhimu kwa wananchi

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika Ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo inalinda uhuru wa dhamiri na dini, na kutamka kuwa nchi hiyo haina dini ya Taifa. Sheria huweka msingi, lakini haiwezi peke yake kumfanya mtu aketi kula na jirani asiye wa dini yake. Hilo hujengwa na mazoea, na mazoea huhitaji mahali pa kufanyiwa. Gurdwara ya Makindu imekuwa mahali pa namna hiyo kwa karibu karne moja.

Lipo pia funzo kuhusu urithi. Serikali na wananchi huhifadhi kwa urahisi zaidi mambo makubwa: madaraja, majengo ya utawala, makazi ya viongozi. Kumbukumbu za watu wa kawaida waliofanya kazi hizo hupotea upesi, kwa sababu hakuna aliyewajibika kuzitunza. Makindu zimetunzwa na watu wenyewe, bila agizo la mamlaka yoyote, kwa njia ya kuendelea kuitumia nyumba waliyojenga wazee wao kwa kazi ileile iliyokusudiwa.

Nyanda za kati zina kumbukumbu zake za aina hiyo katika vituo vya Reli ya Kati, kutoka Gulwe na Kikombo hadi Saranda na Manyoni, na katika misikiti, makanisa na nyumba nyingine za ibada zilizojengwa na watumishi wa reli na jirani zao. Wazee wanaozifahamu habari hizo bado wapo katika familia nyingi. Mwananchi mwenye picha, barua au hati za zamani zinazohusu wajenzi na watumishi wa reli anahimizwa kuzihifadhi mahali pakavu na salama, kuandika nyuma ya kila picha majina ya waliomo na mwaka ilipopigwa, na kuwauliza wazee wangali hai, ili watakaosafiri kwa reli mpya wapate kuwajua waliotangulia kuifungua njia.